Kwa Zuhura, Kuhusu Mgonjwa wa Kitanda cha Nne

Mwanangu Zuhura,

Salamu tulikwisha kupeana asubuhi, wewe una mikono ya unga na mimi najifanya natafuta kiatu, kwa hiyo nazipita. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako utakapoamka. Naiandika barazani, alasiri hii ya Jumamosi, na nawasikia wewe na mama yako huko uani mkibishana kama vitumbua vitafika Moshi bila kuchacha. Havitafika. Lakini mwache mama yako ashinde, maana kufunga vitumbua ndiko kulia kwake.

Mambo ya safari siyagusi. Umekwisha ambiwa ukae upande gani wa behewa, umsalimie nani, sabuni uifunge na nini, na ukifika kwenye baridi uvae nini ndani ya nini. Mimi nina moja tu, nalo ni refu, na nimelikalia miaka sita.

Kwanza nikutoe katika uongo. Siko likizo. Tangu Jumanne nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa, na huenda nikaitwa ili nipewe barua ya kuachishwa kazi. Mama yako anajua. Wewe sikukwambia kwa kuwa nilitaka uifurahie wiki yako ya mwisho hapa Makorora, na pia, nikisema kweli, kwa kuwa niliona haya. Unakwenda kusomea uuguzi, na mtaa mzima unasema umefuata nyayo za baba yako. Kabla hujazifuata, inafaa ujue zimepita wapi.

Unaujua mchezo wanaonifanyia watoto wa mtaa huu. Nikipita, mmoja hujificha nyuma ya ukuta akasema kwa sauti nzito, "Jina lako nani? Binti wa nani? Umetoka wapi?" na wenzake hucheka mpaka wakakaa chini. Ulipokuwa mdogo uliwahi kulia kwa sababu ya mchezo huo, ukaniomba niache kuwauliza wagonjwa majina yao. Sikuacha. Hata bibi yako, mama mzaa mama yako, mwanamke ambaye mpaka leo simtazami usoni, alipokuja hospitali ana homa nilisimama mbele yake na vidonge vya kwinini mkononi nikamwuliza jina lake nani. Akanitazama. "Bakari, umeingiwa na nini?" Nikamwambia, "Jina lako na la baba yako, mama, tafadhali." Alilitaja, akameza dawa, akaenda moja kwa moja kwa mama yako akamwambia mumewe amerogwa. Mwezi mzima hakukanyaga kwetu.

Siku ile uliniuliza kwa nini namwuliza jina mtu ninayemjua, nami nikakujibu kwamba ni amri ya hospitali. Haikuwa amri ya hospitali. Nilijiwekea mwenyewe, na sababu yake ni mwanamke mmoja wa Tongoni aliyeitwa Mwanakombo binti Shehe.

Wakati huo nilikuwa dresa wa kawaida katika hospitali yetu ya shamba la mkonge, huko ng'ambo ya Pongwe. Kazi yangu ilikuwa chumba cha vidonda: mikono iliyochomwa na miiba, miguu iliyokatwa na mapanga. Wodi ya wanawake ilikuwa ya Eliza, yule mama wa Kishambaa unayemwita shangazi, anayekuletea matunda kila akirudi kwao Lushoto. Vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa wengi. Waliozidi walilala chini kwenye mikeka, na hakuna aliyeona ajabu.

Ikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Dar es Salaam. Akiridhika, hospitali itapata cheti cha kuruhusiwa kufundisha madresa wapya. Bwana mganga wa wakati ule, ambaye amekwisha rudi kwao, alikitaka cheti hicho mpaka akawa hali chakula vizuri. Siku mbili tulipaka chokaa, tukasugua sakafu, tukachemsha mashuka. Hayo ni mema na sina neno nayo. Lakini siku moja kabla ya ukaguzi ikatoka amri ya pili. Wagonjwa wa mikekani wahamishiwe ghala la magunia mpaka mkaguzi aondoke, na Eliza akae nao huko awanyamazishe. Vitanda vyenye kutu vitolewe. Waliobaki vitandani wapangwe upya, wenye nafuu mbele karibu na mlango, waliodhoofu nyuma. Na kila kitanda kiwe na kadi mpya, iliyoandikwa vizuri.

Kadi nilipewa mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Nataka ujue nilivyoingia katika jambo hili: niliingia kwa kusifiwa. Nilikaa dirishani na kalamu ya wino, nikanakili jina la kila mgonjwa, ugonjwa wake na dawa zake, herufi kubwa nikizipinda mikia. Nikazitundika kila moja kwenye kitanda chake, nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama, nikaona zimependeza. Baada ya hapo ndipo wagonjwa wakahamishwa. Kadi hazikuhamishwa. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye atakayezihamisha, na mimi niliyeziandika nilikuwa nimekwenda kupiga pasi koti langu jeupe.

Asubuhi, kwa kuwa Eliza yuko ghalani, wodi ya wanawake nikakabidhiwa mimi. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevua kofia alipoingia. Alitaka kuona dawa zinavyotolewa. Bwana mganga akanikonyeza, nikachukua sinia, nikasimama kwenye kitanda cha nne. Kadi ilisema Rukia binti Athumani, safura. Jana amekunywa dawa ya minyoo, leo apewe chumvi ya haluli imwendeshe. Kitandani alikuwamo mwanamke nisiyemjua. Nikamwuliza kwa sauti ya kusikika, maana nilikuwa na watazamaji:

"Wewe ndiye Rukia?"

Alinitazama. Kisha akawatazama wageni waliosimama nyuma yangu. Akaitika, "Abee."

Nikampa kikombe, akanywa chote.

Hakuwa Rukia. Rukia alikuwa kitanda cha mwisho, amelala usingizi. Huyu alikuwa Mwanakombo, yuko wiki ya tatu ya homa ya matumbo, na homa ilikuwa imeanza kumwachia. Utafundishwa huko uendako kwamba utumbo wa mgonjwa wa namna hii umelika, umebaki mwembamba. Siku zote hizo Eliza alikuwa akimlisha uji mwepesi na maji ya madafu, kijiko kwa kijiko. Haluli kwa mtu kama huyo huupasua.

Maumivu yalianza adhuhuri, wageni walipokuwa wamekwenda kula kwa bwana mganga. Eliza aliruhusiwa kutoka ghalani, akaingia wodini, akamshika Mwanakombo tumbo. Akaniuliza, "Bakari, nani kampa huyu haluli?"

Nikasema sijui.

Neno hilo limenikaa kuliko kikombe chenyewe. Kikombe nilikosea. Neno sikukosea, nililichagua. Eliza akaniambia nikamwite bwana mganga upesi. Nyumba yake ilikuwa pale pale, unavuka uwanja tu, na siku ile mimi nilikuwa na ruhusa ya kuingia na yeye hana. Nikamwambia tusubiri wageni waondoke. Waliondoka alasiri, jua limekwisha pinda. Bwana mganga alipokuja, tumbo lilikuwa gumu, naye akatikisa kichwa. Huenda hata angekuja mapema asingeweza kitu. Nimejaribu sana kujiliwaza kwa hilo na sijaliwazika.

Magharibi nilikwenda kukaa naye. Nikainama nikamwuliza kwa nini aliitika jina lisilo lake. Alisema polepole, kila neno likimwumiza, "Wageni walikuwa wamesimama, mwanangu. Ningesema si mie, ungeaibika mbele yao. Na mie nikaona dawa ni dawa." Umri wake ulikuwa kama wa dada yangu mkubwa, lakini aliniita mwanangu. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Nilikuwapo.

Mumewe alipofika aliambiwa ni homa ya matumbo. Mimi ndiye niliyemwambia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kwa tulivyomwuguza mkewe, na tangu siku ile kila msimu hutuletea nazi na muhogo. Ndiyo, Zuhura. Ni Mzee Heri, yule unayemkimbilia kumpokea kikapu, anayekuita mchumba wake mama yako akaguna. Miaka sita nimekula muhogo wake. Mara ya kwanza haukupita kooni, mara ya pili ukapita, na baadaye nikawa namwambia mama yako mwaka huu ni mtamu kuliko mwaka jana.

Cheti tulipata. Mkaguzi aliandika maneno mazuri kuhusu wodi ya wanawake, na mimi nikafanywa dresa mkuu. Kusoma kwako mpaka ukafika hapa kumetoka katika cheo hicho. Sikwambii hivyo ili ujione una deni. Nataka tu mtu asije akakwambia kabla yangu. Mwanakombo alinisitiri kwa wageni wa saa moja, nami nikaichukua sitara yake nikajifunika miaka sita. Naiona aibu hiyo sasa hivi ninapoiandika, na nimelazimika kuweka kalamu chini mara mbili.

Sasa nikwambie jambo la kazi, kisha niendelee. Utavaa nguo nyeupe, na watu wetu wakiona nguo nyeupe huitikia kila kitu. Ukimwuliza mama wa kwetu kama amekula, atasema amekula. Ukimwuliza kama panauma, atatazama kwanza kama una haraka, halafu ndipo aamue kama panauma. Hao si wajinga. Wanakustahi, na wewe unaweza kuwaua kwa staha yao. Kwa hiyo usimwekee mtu jibu ndani ya swali. Mwulize jina lake, alitaje yeye, halafu unyamaze. Huko kunyamaza ndiko kugumu, hasa mkubwa wako akiwa amesimama nyuma yako anatazama saa. Watakucheka, kama wanavyonicheka mimi. Kuchekwa unakuzoea. Mimi siku hizi nikimsikia yule mtoto nyuma ya ukuta humjibu jina langu, na la baba yangu, na nilikotoka, naye hukimbia.

Sikwambii usikosee. Utakosea. Siku hiyo mwili mzima utakutaka unyamaze, na utaona kama umepewa nafasi ya kufikiri kwanza. Usifikiri, Zuhura. Nenda kwa anayeweza kusaidia, umkute mezani, umkute na yeyote yule, useme ni mimi nimefanya. Nakuomba kama baba, maana mimi sikuweza, na sijapata tena siku iliyokuwa nyepesi kabisa.

Jumanne hii mambo yalirudi. Cheti kinataka kukaguliwa upya, na mkaguzi, mwingine sasa, alikuwa anakuja Jumatano. Bwana mganga tuliye naye ni kijana mwema, ana subira na wagonjwa, wala hakujua habari ya zamani. Lakini na yeye alituita wote akasema wagonjwa wa mikekani watakwenda ghalani kwa siku moja, vitanda vitapangwa upya, na Bakari ataandika kadi kwa kuwa ana mwandiko. Alitabasamu aliponisifu.

Nikasema sitaandika, na wagonjwa wasihamishwe. Akauliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya adabu, ya kwamba wagonjwa watachoka na kadhalika, lakini nikamtazama Eliza na maneno hayo yakanikimbia. Nikasema palepale, mbele ya madresa na wafagiaji, kwamba mara ya mwisho tulipofanya hivyo niliua mtu. Nikaeleza yote, na kikombe, na "sijui" yangu. Nilizungumza polepole ili bwana mganga asikose neno. Eliza alifunika uso kwa upindo wa kanga, na nikafahamu kwamba siku zote alikuwa akijua na akingoja niseme mwenyewe. Bwana mganga alisema nirudi nyumbani mpaka atakaponiita. Hakunifokea. Alikuwa amebadilika rangi.

Alhamisi Eliza alipita hapa, ulikuwa umekwenda kwa mshonaji. Akanieleza kwamba wagonjwa hawakuhamishwa. Mkaguzi aliwakuta mikekani, akainama akawahesabu mmoja mmoja, akaandika. Cheti kimesimamishwa mpaka viongezwe vitanda. Wenzangu wengine wamekasirika, wanasema nimelichafua jina la hospitali kwa jambo lililokwisha zikwa, na mmoja amemwambia Eliza kwamba nimefanya hivyo kwa kuwa mwanangu ameshapata nafasi ya chuo na sina tena ninachopoteza. Hilo liliniuma. Ninacho cha kupoteza. Barua yako ya chuo ilitiwa sahihi na bwana mganga huyu huyu, na habari zangu huenda zikakufuata mpaka Moshi. Mtu akikuuliza, usinitetee. Mwambie ndivyo ilivyokuwa.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda Tongoni ili Mzee Heri asije akazisikia habari hizi dukani. Nilimkuta uani kwake anafua nazi, anazivua makumbi. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, bwana dresa. Umenitangulia. Mie nilikuwa nije leo jioni nimuage yule mchumba wangu."

Nikamwambia nina neno. Akaniambia nikae, nikashindwa kukaa, nikamweleza nimesimama. Aliendelea na nazi mbili za kwanza, kisha akaacha. Nilipofika kwenye kikombe akauliza, "Alikunywa yote?"

"Yote."

"Na weye ulipoulizwa ukasema hujui."

"Nilisema sijui."

Aliitazama mikono yake. Nilitaka anitukane. Alikuwa na haki hiyo, na ningekuwa nimepata kitu cha kurudi nacho. Hatimaye akasema, "Mie nimewaambia wanangu mama yao kauguzwa vizuri. Miaka sita nawaambia. Akilia mmoja, namwambia hivyo, ananyamaza. Sasa mie kinywa changu hakitaweza kuwaambia lingine. Njoo uwaambie weye."

Nikamwuliza lini.

"Jumapili asubuhi. Wanakuja wote wanne, tuna kisomo cha kumrehemu mama yao. Tukimaliza kusoma utasema."

Jumapili asubuhi ndiyo gari moshi lako. Mimi ndiye niliyekata tikiti, najua saa yake kwa dakika. Nilifungua kinywa nimwombe iwe Jumatatu, au hata hiyo Jumapili alasiri, na neno lilikwisha fika ulimini. Kisha nikaona ni lile lile, kwamba tusubiri wageni waondoke. Nikamwambia nitakuja.

Kwa hiyo kesho hutaniona stesheni. Nitatoka alfajiri hujaamka, kwa makusudi, kwa sababu nikikuona umesimama na sanduku sitaondoka, najijua. Miezi yote hii nimejiwazia nimeshika dirisha la behewa na wewe unaniambia, "Baba, achia, linaondoka." Nimeitaka sana siku hiyo. Nakupenda, Zuhura, na nakuomba radhi kwa kukuachia mama yako peke yake akupungie mkono.

Wakati gari lenu litakapokuwa linapita Pongwe, mimi nitakuwa nimeketi mkekani Tongoni, kisomo kimekwisha. Mzee Heri amenieleza kwamba watatu ni watu wazima na watanisikiliza. Wa mwisho ni binti, wa rika lako, na hasira zake ziko karibu. Sijui atasema nini. Nimemwahidi baba yake kwamba sitainuka mpaka amalize.

Baba yako,
Bakari